Maswali ya Wasomaji: Siku za Mwisho za Safari ya Umisheni

Barua za mara hii zinagusa jambo moja. Msafara wa kanisa uko ng'ambo ya mpaka, kazi inaelekea ukingoni, na yote yaliyoahirishwa tangu siku ya kwanza yanadai kufanywa kwa pamoja. Wengi walioandika ni wanaovuka mpaka wa Kasumulu kwenda kaskazini mwa Malawi, kwa hiyo majibu yameegemea huko. Barua moja imetoka Iringa, kwa wenyeji wanaopokea wageni kutoka Marekani.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Tuko watu 18 kutoka Mbeya, tunakaa Karonga siku 10. Ratiba ina mkutano wa injili kila jioni hadi usiku wa siku ya 9, na alfajiri ya siku ya 10 tunaondoka. Mzee mmoja wa kanisa mwenyeji anasema tumejibana mno. Sisi tunaona kila jioni ina watu wa kuokolewa. Mnashaurije? (Kiongozi wa msafara, Mbeya)

JIBU: Amina, mtumishi. Msikilizeni mzee. Mkutano wa mwisho uwe jioni ya siku ya 8, na siku ya 9 yote iachwe bila mahubiri.

Jioni ya kufunga ndiyo yenye watu wengi kuliko zote, na ndiyo yenye wengi wanaokata shauri. Sasa fikirini kinachotokea saa 3 usiku: mafundi wanakunja nyaya, jenereta la kukodi linadaiwa, wapishi wanasubiri malipo, na vijana watatu wanaandika majina ya watu 60 kwa mwanga wa simu. Asubuhi basi limeondoka. Mchungaji mwenyeji anabaki na karatasi iliyoandikwa "Yohana, karibu na soko", na Karonga ina akina Yohana wengi karibu na soko.

Andaeni kadi tangu mkiwa nyumbani, ukubwa wa robo ya karatasi ya A4, na karatasi ya kaboni ili kila jina litoke nakala mbili. Malawi mtu hutambulika kwa kijiji chake, kisha kwa mamlaka ya kimila iliyo juu ya kijiji hicho, mfano Kyungu au Kilupula, kisha wilaya. Bila mambo hayo matatu hapatikani. Ongezeni namba ya simu (yake au ya jirani), kanisa analotoka kama analo, na lugha anayosoma. Nakala ya juu inabaki kwa wenyeji, ya chini mnaondoka nayo. Misafara mingi hufanya kinyume: kadi zote zinapelekwa nyumbani kuandikiwa ripoti, na anayetakiwa kuwatembelea watu habaki na kitu.

Asubuhi ya siku ya 9 kaeni na wenyeji kwa muda wa saa mbili. Someni majina moja moja, kila majina 10 yachukuliwe na mshirika mmoja mwenyeji, naye atie sahihi. Watu hao watembelewe ndani ya siku 3. Baada ya wiki mbili aliyepita mbele huona aibu kurudi kanisani peke yake. Kwa upande wa vitabu, msiache maboksi ya Biblia za Kiswahili kwa kuwa tu mlielewana na watu mkutanoni. Mzaliwa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanaelewana kwa sababu Kinyakyusa na Kingonde ni ndugu wa karibu mno, lakini kusoma ni habari nyingine. Huko watu wengi husoma Kitumbuka na Kichewa.

Mchana wa siku ya 9 ni wa malipo na kurudisha vyombo. Jioni ni chakula cha pamoja, kiishe saa 3 usiku. Hapo kuna hotuba. Kubalianeni mapema kwamba kila upande una msemaji mmoja na dakika 7, la sivyo kila kiongozi wa idara atasimama "kwa ufupi tu" na wali utapoa.

SWALI: Watu 27 wameomba tuwabatize ziwani siku ya mwisho. Mchungaji mwenyeji tulipomweleza alinyamaza tu. Tuendelee? (Mwinjilisti, Kyela)

JIBU: Kunyamaza kwake ndilo jibu lake. Mgeni huwa hakataliwi mbele ya watu.

Kaskazini mwa Malawi mizizi ya kanisa ni ya Waskoti. Misheni ya Livingstonia ilianzia Cape Maclear mwaka 1875, ikahamia Bandawe mwaka 1881, na mwaka 1894 mmisionari Robert Laws akaipeleka juu ya mlima Khondowe. Kilichozaliwa hapo ni Sinodi ya Livingstonia ya kanisa la Presbiteri, CCAP, ambayo makao yake yako Mzuzu. Wao hubatiza watoto wachanga, na mtu mzima hupitia kwanza darasa la mafundisho. Kwa hiyo katika hao 27 kuna uwezekano mkubwa kwamba wengi wamebatizwa tayari, na mkiwazamisha majini mnawatia kwenye matatizo na wazee wa kanisa lao huku ninyi mkiwa mmeshafika Tukuyu.

Zungumzeni na kila mmoja kando: ulibatizwa lini, wapi, na nani atakufundisha tukiondoka? Asiye na jibu la swali la tatu asubiri. Walio tayari wabatizwe na mchungaji atakayebaki nao, kwa tarehe atakayoipanga yeye, na majina yaingie kwenye rejista ya kanisa lake.

Kuhusu ziwa lenyewe: midomo ya mito na penye matete pana mamba, na maji tulivu ya kina kifupi yenye matete ndimo wanamokaa konokono wa kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa zilezile ambazo ibada za ubatizo hupangwa. Kisima cha ubatizo cha kanisa jirani, kikijazwa maji ya bomba, kinafaa zaidi.

SWALI: Mimi ni mhazini. Kila safari tunarudi na kwacha ambazo hakuna anayezitaka, risiti zilizofutika, na simu kutoka Malawi kwamba fulani hajalipwa. Nianzie wapi? (Mhazini wa idara ya umisheni, Dodoma)

JIBU: Anza kufunga hesabu siku tatu kabla ya kuondoka, na uzifunge ukiwa upande wa Malawi. Ukishavuka mpaka wa Songwe, deni la kwacha chache linageuka kuwa mlolongo wa simu na ada za kutuma fedha nje ya nchi.

Siku ya 7 tengeneza orodha ya wanaodai. Usitegemee kumbukumbu, pita ukiuliza. Wanaosahaulika ni walewale: aliyeleta mkaa na kuni, mwenye jenereta (mafuta na ukodishaji ni madai mawili), vijana wa bodaboda waliobeba wagonjwa, mkalimani, walinzi wa usiku, aliyefua mashuka, na umeme. Umeme wa ESCOM, shirika la umeme la Malawi, ni wa kununua yuniti kabla ya kutumia. Msafara wa watu 18 wenye pasi, jagi na chaji za simu humaliza yuniti za familia ya mchungaji bila kujua, na mwenyeji hatasema. Siku ya kuingia andika namba iliyo kwenye mita, siku ya kutoka ujaze zilizopungua na uongeze kidogo.

Wapishi na wafuaji walipwe wao wenyewe mkononi, mbele ya mtu wa pili, wasaini. Najua wengi hupitisha fedha hizo kwa mchungaji kwa heshima. Heshima hiyo inamtwisha mzigo bure, kwani ikipungua hata kidogo ni yeye atakayesemwa kijijini. Shukrani kwa kanisa mwenyeji ipite kwa mhazini wao na itolewe stakabadhi. Zawadi binafsi kwa mchungaji na mama mchungaji ni bahasha tofauti, isichanganywe na hiyo.

Risiti za mashine huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na ndani ya gari la Karonga joto lipo. Ipige picha siku hiyohiyo, kisha andika kwa kalamu nyuma yake: tarehe, kitu, kiasi. Mama wa sokoni hana risiti. Kuwa na kitabu chako cha vocha, aweke sahihi au dole gumba.

Kubadili kwenye hesabu tumia kiwango mlichobadilishia ninyi, si cha kwenye simu. Gawanya shilingi mlizotoa kwa kwacha mlizopokea, upate kwacha 1 iliwagharimu shilingi ngapi, na kiwango hicho kitumike ripoti nzima. Kama mlibadili mara tatu, jumlisha shilingi zote, kisha ugawanye kwa kwacha zote.

Kwacha zinazobaki: kwacha ni vigumu kuibadili mbali na mpaka, na Dodoma hutapata wa kuichukua. Siku ya 9 tenga nauli, chakula cha njiani na akiba ya tairi, na zinazozidi zimalize kulipa madeni au badili kwenye benki au duka la fedha mjini kabla ya kufika mpakani. Ukilazimika kubadilishia mpakani, jua mbinu inayoliza wengi. Mbadilishaji anakupa kitita, unahesabu, kimepungua noti moja. Anakichukua, anaongeza noti mbele ya macho yako, anakurudishia kimekunjwa, na safari hii noti za katikati hazipo. Kitita ulichokwisha kukihesabu kisirudi mkononi mwake hata dakika moja. Alete noti inayopungua, aiweke juu ya meza. Shilingi zako zisitoke mfukoni mpaka hesabu ya kwacha iishe.

SWALI: Tulifanya kambi ya matibabu. Zimebaki dawa za presha, antibiotiki, sharubati za watoto na miwani. Mchungaji anaomba tumwachie zote awasaidie washirika. Ni sawa? (Muuguzi, Mbeya)

JIBU: Miwani ya kusomea mwachieni, ikiwa imepangwa kwa namba, +1.00 hadi +3.00, pamoja na karatasi ya herufi za kupimia. Dawa, hapana, hata kama ana moyo mwema kiasi gani. Kabati la dawa ofisini kwa mchungaji huishia kwa mtu kupewa vidonge vitatu vya antibiotiki kwa kikohozi cha mafua.

Zipelekeni kituo cha afya chenye mfamasia: ofisi ya afya ya wilaya, au hospitali ya kanisa iliyo ndani ya CHAM, umoja wa huduma za afya za Kikristo Malawi. Pigeni simu siku mbili kabla, msitokee na maboksi mlangoni. Andikeni orodha yenye jina halisi la dawa (si la kampuni), nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na idadi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika, na mfamasia ana haki ya kukataa zilizo chini ya hapo. Akikataa msinung'unike, maana kuteketeza dawa zilizoisha muda ni gharama yake yeye. Vidonge vilivyomwagwa toka kwenye makopo na kutiwa kwenye bahasha havitolewi kwa mtu. Sharubati ya antibiotiki iliyokwisha kuchanganywa na maji ina siku 7 hadi 14 tu, kutegemea maelezo ya chupa, kwa hiyo hiyo si ya kuacha popote.

Linaloumiza zaidi ni wagonjwa wa presha na kisukari mliowagundua. Mama amepimwa 180 kwa 110, amepewa amlodipine miligramu 5 za siku 30, amefurahi. Siku ya 31 hana kitu, na anaamini amepona kwa kuwa kichwa kimeacha kuuma. Malawi mgonjwa hutembea na daftari dogo la afya analoandikiwa na kila kituo. Andikeni humo, kwa mwandiko unaosomeka: vipimo vya siku mbili tofauti, dawa, kipimo chake, na kliniki anayotakiwa kwenda kabla dawa hazijaisha. Karatasi ya pembeni yenye nembo ya kanisa lenu itapotea. Kisha orodha ya wagonjwa hao, wakiridhia, ifike kwa mganga wa kituo kilicho karibu nao.

Siku ya mwisho ya kambi fungeni uandikishaji saa 4 asubuhi na mgawe namba, kwa sababu siku hiyo watakuja wagonjwa wengi kuliko siku zote zilizotangulia. Mkiwaacha wajipange hadi saa 10 jioni, mtaishia kugawa dawa kwa haraka ili foleni iishe, na hapo ndipo makosa ya dozi hutokea. Boksi la sindano lifungwe likijaa robo tatu, liende kwenye tanuri la hospitali. Lisichimbiwe uani kwa mchungaji.

SWALI: Vijana wetu wamepewa namba za simu na watoto, wengine wameahidi ada na viatu. Mmoja anataka kumwachia mtoto simu yake. Tuwaambieje? (Mama mlezi wa vijana, Tukuyu)

JIBU: Mama, waambie siku ya 7, usingoje siku ya 9 wakati machozi yameshaanza. Ahadi nyingi hutolewa saa ya kuagana, na mtoa ahadi huwa anaimaanisha kabisa. Shida inakuja baada ya wiki tatu, ada ya chuo ya kijana mwenyewe inapodaiwa.

Kanuni iwe moja: hakuna ahadi ya mtu binafsi. Kila ombi liandikwe na mzee wa kanisa mwenyeji kwenye orodha moja, kamati yenu ijibu kwa maandishi ndani ya siku 30, iwe ndiyo au hapana. Wafundishe vijana sentensi wanayoweza kuitamka bila kuona haya: "Mimi siwezi kuahidi, lakini mzee ataliandika, na kanisa litajibu." Ada ikikubaliwa, ilipwe shuleni moja kwa moja kwa muhula, pamoja na jina la mtu mwenyeji atakayefuatilia mahudhurio.

Simu asimpe. Mtoto mmoja kijijini mwenye simu ya mgeni anaonewa wivu, anaibiwa, au anaulizwa aliipataje. Nguo na viatu vinavyoachwa vikabidhiwe kamati ya akina mama siku ya 9, wao wanajua nani hana. Pipi zisirushwe dirishani basi likianza kuondoka, maana watoto hukimbilia magurudumu. Picha za watoto zipigwe kwa idhini ya mzazi, na zikiwekwa mtandaoni zisiwe na jina la mtoto, shule wala kijiji. Picha za wagonjwa zifutwe kabla ya kuondoka, simu kwa simu.

SWALI: Sisi ni wenyeji. Usharika wetu hapa Iringa unapokea wageni kutoka Minnesota kila baada ya muda. Siku za mwisho tunawapa zawadi, lakini tumesikia nyingine hutupwa uwanja wa ndege. Nao hutuachia vitu visivyowaka. (Katibu wa usharika, Iringa)

JIBU: Nyama ya kukausha, matunda, mbegu za kupanda, na ngoma au kiti chenye ngozi mbichi ya manyoya, vyote hivyo ni vya kuzuiwa forodhani Marekani. Pembe za ndovu, magamba ya kasa na matumbawe hata msifikirie, hayo yatawakamatisha hapahapa Tanzania. Vinavyopita bila shida ni vikapu vya Iringa vya milulu (vyepesi, vinaingiliana kimoja ndani ya kingine), vitenge, chai ya Mufindi iliyofungwa, kahawa iliyokaangwa, na vinyago vikavu visivyo na gome wala matundu ya wadudu. Asali ni kimiminika: ikizidi mililita 100 haikubaliki kwenye mkoba wa mkononi, iwekwe kwenye begi kubwa ikiwa imezungushiwa nguo, na mgeni aitaje kwa forodha akifika.

Zawadi zitolewe siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili mgeni apime begi. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi. Mizani ya duka inatosha. Kumpa mtu mmoja vinyago vya kilo 6 usiku wa mwisho ni kumpa mtihani.

Mbuzi ni suala jingine. Kijijini mgeni wa heshima hupewa mbuzi hai, na mgeni asiyejua huanza kukataa kwa upole, jambo linaloumiza. Mkalimani amweleze mapema: unapokea kamba kwa mikono miwili, unashukuru, kisha mbuzi anachinjwa kwa chakula cha kuagana au unamkabidhi kwa usharika ulishe wanakwaya. Basi.

Kuhusu vifaa: umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Kabla hawajawaachia kitu, geuzeni chaja au nyuma ya mashine msome maandishi madogo. Palipoandikwa 100–240V pana usalama, panahitaji kibadilisha plagi tu. Palipoandikwa 120V peke yake, kitaungua mara ya kwanza kuchomekwa, au kihitaji transfoma ambayo ni nzito na ghali. Kompyuta iachwe ikiwa imetolewa akaunti na nywila za mwenyewe. Printa ambayo wino wake haupatikani Iringa msiipokee. Ninyi wenyeji mna haki ya kusema "hiki hatukihitaji", na ni vizuri mkaandaa orodha ya mnachohitaji wageni wakiwa bado kwao.

Kwenda Dar es Salaam ni takriban kilomita 500. Kona za Kitonga zina malori, ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwendo ni wa kuhesabu na kugonga mnyama kuna faini. Ndege ikiwa ya usiku, msiondoke asubuhi ya siku hiyo. Ondokeni siku iliyotangulia, saa 12 asubuhi, wageni walale Dar.

SWALI: Tuna gari la kanisa, spika na kinanda. Kinanda tunataka kukiacha kwa kwaya ya wenyeji. Pia tumenunua mchele na usipa (dagaa wa ziwani). Mpakani kutakuwa na shida? (Dereva wa msafara, Mbeya)

JIBU: Kinanda kinaweza kuwa na shida. Kama mliingia mkieleza kwamba vyombo vyote vitarudi, orodha yenu inaonyesha kinanda, na kukiacha ni kuingiza bidhaa Malawi bila ushuru. Nendeni ofisi ya mapato ya Malawi (MRA) kabla ya siku ya kuondoka, pamoja na barua ya zawadi na barua ya kanisa linalopokea, mjue kinadaiwa nini. Spika zinazorudi ziwe na orodha yenye namba za mashine, ileile iliyogongwa mhuri mkitoka Tanzania, la sivyo Kasumulu mtaulizwa risiti ya manunuzi.

Gari linapotoka, kibali cha muda mlichopewa Malawi kifungwe kwenye mfumo na mpewe uthibitisho. Madereva wengi hupita kwa sababu geti liko wazi, na safari ijayo gari linaonekana halijawahi kutoka. Bima ya kadi ya njano, ile ya gari linalovuka mipaka, iangalieni tarehe. Safari ikiongezwa siku mbili nayo huisha.

Mchele wa kula nyumbani utajeni. Nadhani mmeuziwa ule wa Karonga wenye kunukia, ambao Malawi nzima huuita Kilombero. Usipa uwe mkavu kabisa, na kila kitu kitiwe kwenye viroba au vikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019 na wasafiri hunyang'anywa palepale. Kiasi kikubwa cha samaki au nafaka kinahitaji cheti cha afya cha mazao, hata kama ni cha kanisa.

Na saa: Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kutoka Karonga mjini hadi Songwe ni kilomita zipatazo 45, lakini mkifika upande wa Malawi saa 10 jioni, Kasumulu ni saa 11 tayari, na mbele yenu kuna kilomita zaidi ya 100 za milima ya Tukuyu hadi Mbeya. Kabla ya kupanga foleni, hesabuni siku zilizoandikwa kwenye mihuri ya watu wote. Aliyepewa siku chache kuliko wenzake ndiye atakayewachelewesha wote.

SWALI: Tukirudi, homa ikitupata ni uchovu au malaria? (Mwanakwaya, Mbeya)

JIBU: Pima siku hiyohiyo, usikisie. Malaria uliyoambukizwa usiku wa mwisho kwa kawaida huonekana baada ya siku 7 hadi 30, na homa yoyote ndani ya miezi 3 mwambie mganga kwamba ulikuwa kando ya ziwa. Waliokuwa wanakunywa dawa ya kinga wasiache siku ya kufika nyumbani: doxycycline na mefloquine huendelea wiki 4 baada ya kutoka, atovaquone na proguanil siku 7. Walioingia ziwani wapimwe kichocho wiki 6 hadi 8 baada ya kutoka majini. Kumeza praziquantel mapema, siku ya kurudi, hakusaidii sana kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, machanga huponyoka. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 vidonge 4 vya miligramu 600, kwa maelekezo ya mganga. Pangeni msafara mzima upimwe siku moja, mhazini atenge fedha hiyo kabla hajafunga hesabu.